Chambo cha Modesta, Jina la Zakia

"Wavuvi, wachuuzi na wananchi wote wanaarifiwa kwamba sangara wa kilo arobaini na moja, aliyevuliwa Jumamosi na mgeni katika boti ya Bw. Nestory, alinaswa kwa chambo cha manyoya cha Bi. Zakia Seif wa Mkuyuni. Wote mnaombwa kuzingatia."

Tangazo hilo, lenye mhuri wa kamati ya mwalo mmoja wa kushushia samaki wilayani Ilemela, halielezi ni nini hasa kinachopaswa kuzingatiwa. Modesta Chenge (46) amekwisha kulisoma mara nne, na hakuna anayelizingatia kama yeye.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Modesta ameketi kibarazani kwake Kiseke, ngozi ya sungura mapajani, manyoya yakitazama chini. Anaichana kwa wembe upande wa ngozi, taratibu, ili makali yasikate manyoya. Ndoano imebanwa kwenye jiriwa ndogo. Ukanda mwembamba wa ngozi unalazwa mgongoni mwa ndoano, mkia unaachwa ukining'inia, na uzi uliochomolewa kwenye mfuko wa salfeti unazungushwa mpaka vishikane.

Kikilowa, chambo hicho hujipinda kama furu, samaki mdogo ambaye sangara hapendi kumwacha apite. Wageni wavuao kwa fimbo hukiita nzi. Kina urefu wa kiganja pamoja na vidole vyake. Nzi wa kimo hicho hajaripotiwa Mwanza.

Kazi hii alifundishwa miaka kumi na moja iliyopita na mgeni aliyeishiwa chambo, akamkuta Modesta akichuna sungura wa kitoweo. Leo anafuga sungura kumi na wanane, hufunga vyambo vitano kwa siku na kuuza kimoja shilingi elfu kumi na mbili. Mumewe, Nestory, huwapeleka wageni ziwani, na kwa miaka minane boti yake haikubeba chambo cha mtu mwingine.

Kisha Zakia, ambaye Modesta mwenyewe alimfundisha, akaanza kuuza vya kwake.

"Alikuja hapa hajui sungura anachunwa kuanzia wapi," anasema Modesta. "Sasa mume wangu ananiambia, 'Mama Precious, hivi vya Zakia wageni wanavipenda, ni vyepesi kurusha.' Ananiambia hayo huku anakula ugali wangu."

Si wivu, anaongeza. Atalisema hilo mara tatu zaidi kabla chai haijachemka.

Mwezi uliopita alimtuma jirani amnunulie chambo kimoja cha Zakia. Alikitia kwenye beseni la maji, kando ya cha kwake. Cha kwake, kilichosheheni manyoya kama alivyoona fahari siku zote, kilikunywa maji kikazama kama soksi. Cha Zakia, chenye manyoya haba, kilicheza.

"Nilikaa pale kwenye beseni mpaka sungura wakaanza kugonga banda kudai majani," anasema.

Wiki hiyo alifunga kimoja kwa mtindo wa Zakia, akakitia kimyakimya kwenye mkebe wa mumewe, humo humo mlimokuwa na vya Zakia. Jumamosi sangara akanasa. Nestory, alipoulizwa na katibu wa mwalo, alijibu alichokijua: chambo chembamba ni cha Zakia.

Ili kumdai sangara wake, Modesta alipaswa kukiri kwamba alimwiga mwanafunzi wake. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne wageni wawili walisimama mlangoni pake, wakamwomba awaelekeze njia ya Mkuyuni, kwa Zakia. Mchana huohuo alikwenda kwa mwenyekiti wa mwalo, Mzee Shigela.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata. Chambo, au kilichosalia baada ya kutafunwa, kiliwekwa mezani juu ya gazeti.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Zakia.

"Marahaba," alijibu Modesta, akiutazama ukuta. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, fumua hapo uone uzi. Ni wa salfeti. Huo ni wangu."

"Hata wangu ni wa salfeti, mwalimu. Kwani nani alinifundisha?"

Watu walicheka. Mzee Shigela akauliza: kama chambo ni cha Modesta, mbona manyoya yake ni haba hivyo?



"Nilimwiga," alisema Modesta. "Nilikiweka chake kwenye beseni nikaona kinanishinda. Nikamwiga, basi. Lakini mikono ni yangu."

Safari hii hakucheka mtu.

"Ungeniuliza tu, Mama Precious," alisema Zakia kwa upole. "Ningekuonyesha."

Upole huo, Modesta anasema, ulimchoma kuliko tangazo lenyewe.

"Na wewe Nestory?" aliuliza mwenyekiti. "Ulichukua cha nani?"

"Mzee, mimi nilichukua kilichokuwa juu."

Modesta sasa anatafuta sungura weusi, ambao Zakia hana, ili afunge chambo ambacho hata mumewe hataweza kukipotezea jina. "Nataka mgeni akishuka uwanja wa ndege aulizie Kiseke," anasema, akiujaribu wembe kwa kidole gumba. "Mkuyuni aende kununua nyanya."

Uamuzi wa kamati ulibandikwa juzi. Kamati imeridhika kwamba chambo ni cha manyoya, kwamba manyoya ni ya sungura, na kwamba sangara mwenyewe amekwisha kuuzwa minofu. Tangazo la awali lisibanduliwe, wala lisinukuliwe. Kuhusu nani alikifunga, suala hilo litajadiliwa katika kikao kijacho, ambacho tarehe yake itapangwa katika kikao hicho.