Mkanda wa Konstebo Mwende

Admin, naomba unifichie jina, maana watoto wangu wote wako kwa hii page na mchungaji wetu pia yuko. Mimi ni mama wa miaka sitini na minane, mzaliwa wa Kitui, nimeolewa upande wa Makueni. Mzee wangu alikuwa polisi, aliingia konstebo na akastaafu konstebo. Mwezi ujao tunafanya harusi ya kanisa, ile ya kubariki ndoa, na kuna jambo nimelibeba tangu miaka ya themanini ambalo sasa linaninyima raha.

Wakati huo tulikuwa tunaishi laini, zile nyumba za mabati za askari nyuma ya kituo. Kituo kilikuwa kidogo na watu hawakutosha, sajini mmoja na makonstebo watatu. Mmoja akienda likizo na mwingine akipeleka washukiwa kortini Machakos, aliyebaki ndiye wa kaunta, ndiye wa doria, na ndiye wa kupika chai. Sajini alikuwa anaomba aongezewe watu na anaambiwa asubiri. Askari wa kike hatukuwa naye hata mmoja. Sasa wakishika akina mama wanaouza chang'aa, ile pombe haramu, nani atawapekua? Mwanamume haruhusiwi. Basi sajini alikuwa anasimama nyuma ya kituo ananiita, "Mama Kioko, hebu kuja utusaidie kidogo."

Hiyo kidogo iliendelea miaka. Nilikuwa naacha maharagwe kwa moto nakimbia. Siku moja nilipata mama amebeba mtoto mgongoni, amemfunika vizuri na leso. Nikamuuliza, "Mwaitu, mama yangu, huyu mtoto wako mbona hanuki maziwa?" Kumbe ni jerikeni. Sajini alicheka mpaka akavua kofia, akasema mbele ya wote, "Huyu mama ni askari, ni sare tu hana." Jamani, hayo maneno nililala nayo na kuamka nayo. Nikajikaza nikamuuliza kama naweza kuandikwa. Akaniambia wanataka wasichana ambao hawajaolewa, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Nikarudi kwa maharagwe yangu.

Halafu wakaletewa konstebo wa kike, Mwende. Msichana wa kwetu Kitui, rika langu kabisa, sweta ya buluu, viatu vinang'aa, na mkanda umekaza kiuno. Kila mtu alifurahi, hata mzee wangu, kwa sababu sasa angeweza kupumzika Jumapili. Mimi nilimwambia, "Karibu," lakini moyoni nikasema hataweza. Wiki hiyo hiyo walileta mama mmoja, na mimi nikasimama dirishani nione atakavyoshindwa. Hakushindwa. Alipapasa pindo la petikoti polepole, akatoa kichupa ambacho mimi ningekipita tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyesimama nyuma ya kituo kuniita. Sajini akipita kwangu alikuwa ananisalimia tu, "Mama Kioko, watoto hawajambo?"

Nilimchukia. Alivyotembea nilichukia, alivyopiga saluti nilichukia. Akicheka huko kaunta nilikuwa nazima redio nisikie anacheka nini.

Sasa, pale laini mwenye pasi ya makaa nilikuwa mimi peke yangu. Mzee akaniletea sare yake, na juu yake akaweka ya Mwende pamoja na mkanda wake. "Saidia huyu dada, leo tuko doria pamoja." Nilipiga pasi vizuri, siwezi kuharibu nguo ya serikali. Nilipomaliza nikaufunga ule mkanda wake kiunoni mwangu. Haukufika. Nilivuta tumbo ndani, nikavuta tena, bado. Mzee akaingia akanikuta hivyo. Niliutupa ukutani nikalia kwa sauti, "Huyo mwanamke simtaki hapa. Mwambie aende alikotoka."

Mzee aliokota mkanda akitabasamu. Akasema, "Kumbe unanipenda hivi?"

Kufika jioni laini nzima ilikuwa inajua nimegombania mume. Mwende mwenyewe alikuja mlangoni, akaniambia kwa upole, "Dada, bwana yako mimi simtaki hata kwa dawa. Tulia." Nikaitikia sawa, nikamwacha aamini hivyo. Wivu wa mume watu wanauelewa. Ungesikia wapi mke wa mtu anaonea mwenzake wivu wa kazi ya kupekua wauza chang'aa?

Mwende alipata transfa, akapanda cheo, akastaafu inspekta. Kila nikisikia amepanda, usingizi ulikuwa unapotea. Mzee wangu hakupanda popote, lakini ana hicho kisa. Anakisimulia kwa matanga, kwa sherehe za mahari, kwa wajukuu. Siku hizi ana presha na mguu mmoja haumbebi vizuri, ila akifika pale pa mkanda anakaa wima na macho yanawaka. "Mama yenu alinipigania," anawaambia.

Sasa amemwalika Mwende kwa harusi yetu, atakaa meza ya mbele. Na mchungaji ameniomba nisimame madhabahuni niwashuhudie wanawake vijana jinsi nilivyopigania ndoa yangu. Fundi alipokuja kunipima gauni akauliza, "Mama, hapa kiunoni tuweke nini?" Nikamwambia aweke mkanda mpana. Sijui kwa nini nilisema hivyo, na nikalia, na yeye akadhani ni furaha.

Nikisimama nitamdanganya Mungu kanisani. Nikisema ukweli nitamnyang'anya mzee kitu cha pekee alichotoka nacho kwa hiyo kazi. Mume nilikuwa naye tayari, hakuna aliyekuwa anamchukua. Nililia kwa sababu mkanda haukunifika. Nishaurini wapendwa, siku hiyo nikipewa maiki nifanye nini?