Siku Papa Ngoie Alikula Bukari Ndani ya Gari

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika kumi za asubuhi, na saa naikumbuka vizuri kwa sababu mpaka saa nne na dakika tisa nilikuwa bado muntu wa heshima. Sasa niko na haya hata ya kupita barabara ya kwetu. Minye ambaye mwalimu akiniuliza kitu ku masomo najibu nikiangalia viatu vyangu, minye ambaye hata mkate namtuma mdogo wangu akaununue, ndiyo minye mtaa mzima ulinicheka siku moja, kwa sababu ya bouton, kitufe kimoja cha gari. (Kidole kimoja tu. Nakiangalia hapa kinashika kalamu, kama vile hakikufanya kitu.)

Siku ile tulikuwa tunapeleka dot, yaani mahari, ya kaka yangu mkubwa, Yaya Fiston, anayepasua mawe ya chokaa kule Kakontwe. Alikuwa anamuoa Nadine. Sasa baba ya Nadine, Papa Ngoie, aliyefanya kazi ya umeme ku Koni mpaka pensheni, ni muntu ambaye hacheki. Mara ya kwanza tulipoenda kwao taa ilikosekana ku vitu vilivyoombwa, akaturudisha navyo vyote. Akamwambia Yaya mbele ya bantu: "Kintu kimoja kikikosa tena, nitajua hamumutaki mutoto wangu. Musirudie."

Kwa hiyo Yaya alihesabu vitu mpaka tukachoka kumuangalia: vitambaa vya mama mukwe, jembe, taa, mbuzi, na juu ya yote kostimu ya Papa Ngoie, koti na suruali, rangi ya kijivu. Kostimu siyo zawadi ya kuweka mu kabati. Baba ya bibi arusi anaivaa palepale: akivaa koti, amekubali, na akiivua wakati wakwe wako bado mu lupango lwake, ndani ya ua wake, amekataa, kila kitu kinarudi tulikotoka.

Tungepanda taxi yote haya hayangekuwa. Lakini Tonton Dido, mdogo wa Mama, anayeuza na kununua mawe ya shaba, alikuwa amenunua Lubumbashi gari ya kitajiri, décapotable, ile ambayo paa yake ya chuma inajikunja yenyewe na kulala nyuma mu sanduku ya mizigo. Walimwambia ilitumiwa na muntu mmoja tu. Inawezekana, lakini muntu ule alikuwa na hasira. Vioo haviteremki. Maji ya injini yanachemka ukipita kilomita tatu. Mafuta ya pampu ya paa yanadondoka ku shingo ya dereva, basi Tonton anaendesha na taulo begani kama muntu anatoka kuoga. Kila mwezi anaagiza kipande, kinafika siyo chenyewe, anaagiza tena, na bibi yake anasema gari inakula kuliko batoto babo bane. Halafu gari hiyo ilikuwa na akili: kama sanduku ya nyuma imejaa, inakataa kufungua paa. Lakini ilianza kukataa hata sanduku ikiwa tupu, ndipo fundi akafunga kiwaya fulani kuinyamazisha. Tonton akafurahi, akasema, "Sasa inasikia." Ni kweli, ilikuwa inasikia. Ilikuwa inasikia kila muntu.

Papa na Mama walitangulia. Sisi tukajaza sanduku, mbuzi akakosa nafasi, wakamuweka kiti cha nyuma juu ya plastiki, pembeni yangu.

"Bijou, weye shika mbuzi," Tonton aliniambia. "Usiguse kintu ingine."

Tulipobakiza nyumba kama kumi hivi kufika, gari ikachemka. Tonton akazima injini, akaenda na Yaya kuomba maji ku lupango moja, na minye nikabaki na mbuzi, vioo vimefungwa, jua kali. Mbuzi akakojoa. Ningefungua mlango, ndiyo, lakini mbele ya kibanda cha unités za simu walisimama vijana watatu wa classe yetu, na Héritier ndani yao, yule anayecheka hata nikikohoa. Nikasema niteremshe kioo kidogo tu, tupate hewa bila kuonekana. (Nilijua haviteremki. Lakini mkojo wa mbuzi unakufanya uamini mambo.) Kati ya viti viwili vya mbele kulikuwa na bouton. Nikanyoosha mkono, nikaibonyeza kwa nguvu.

Kioo hakikuteremka. Paa ndiyo iliondoka juu ya kichwa changu, polepole, kama muntu anafunua sufuria, na ndani ya sufuria ni minye na mbuzi.

"Bijou," Héritier aliita, "ule ni bwana yako?"

Nyuma nikasikia vitu vinavunjika, nikashtuka, nikavuta bouton kurudisha. Paa ikapanda tena, ikifika katikati ikasimama kabisa, batri imekufa. Na haikupanda peke yake. Ilikuwa imeuma koti ya Papa Ngoie ku mkono wa kushoto, ikaiinua juu, na suruali ikining'inia chini yake, kama muntu mzima anayetupungia.

Yaya alirudi na ndoo, akaona, akaikalia ndoo.

Ilibidi kusukuma. Tonton akasukuma, Yaya akasukuma, Héritier na wenzake wakasukuma wakilia kwa kucheka, na usukani wakanipa minye kwa sababu niko mwepesi. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwa wakwe: minye mbele kama shofere, mbuzi nyuma kama bwana mkubwa, na kostimu imesimama juu yetu. Wamama waliokuwa wanaimba ku mlango waliacha wimbo katikati.

Papa Ngoie akazunguka gari mara mbili. Akauliza, "Kostimu yangu njo ile?"

"Ndiyo, njo ile, Papa," Yaya akajibu.

Akaanza kuivuta, lakini mzee akamzuia. "Usipasule." Akapanda ku kiti, akasimama karibu na mbuzi, akaingiza mkono wa kuume, halafu wa kushoto mpaka pale koti ilipoumwa. Amevaa. Wamama wakapiga vigelegele. Kisha, kwa sababu ni muntu wa umeme na mashine ilikuwa imemkasirisha, akaagiza batri ya nyumbani kwake, akaonyesha Tonton namna ya kuiunga, akaniangalia.

"Mutoto, bonyeza."

"Minye?"

"Weye njo unajua bouton."

Nikabonyeza. Paa haikurudi nyuma, ilikuja mbele, mzee akakaa haraka, ikafunga, ikanuka moto, ikanyamaza. Milango ilifunguka, lakini mkono wa koti ulibaki umeumwa, na Papa Ngoie ndani yake.

"Vua tu koti, Papa, utoke," Tonton akasema.

Nadine alishika mdomo. Tonton mwenyewe alikumbuka alichosema, akajifunika na taulo. Papa Ngoie akamuangalia binti yake kupitia kioo, akamuangalia Yaya, akaangalia mbuzi.

"Nani anasema kuvua? Leteni bukari hapa."

Alikula mle ndani, bukari, ugali wa kwetu, na samaki, kwa mkono wa kuume, na sombe yake ya majani ya muhogo, nusu akaila mbuzi. Hotuba zilisemwa ku mlango wa gari. Papa yangu alimpa mkono akiwa ameinama kama anaongea na dereva wa taxi. Saa tisa tukaondoka mbio, sisi wote kwa miguu, ili mzee apate kuvua bila kumkataa muntu.

Niliapa njiani: gari nitakayopanda tena ni ile ambayo paa yake haijui kufanya kitu.

Kesho yake, Jumapili, kabla ya misa, Mama akanituma kule kwa wakwe na ndoo na sabuni kuosha kiti cha gari. Nikamkuta Papa Ngoie ndani ya gari, koti mwilini, mkono wa kushoto juu, tournevis ya kufungulia skrubu mdomoni. Akanitazama.

"Nilivua jana mulipoondoka, asubuhi hii nikaivaa tena, na weye umenikuta nimevaa," alisema. "Sasa mpaka uende, siwezi kuvua."

Nikageuka niende.

"Aa, ingia. Ukae hapa, unisomee maandishi ya hii mashine, macho yangu hayaoni. Lakini ile mikono, uikalie."

Nikaingia, nikakalia mikono yangu yote miwili, nikaanza kusoma.