Mahali pazuri pa kuanika muhogo

Kwa miezi saba mwanamke mmoja hapa Bunia alianika muhogo juu ya kaburi la binti yangu.

Na mimi ndiye niliyemwonyesha mahali hapo.

Msinitukane bado. Someni kwanza.

Mimi ni mtu wa masomo ya jioni. Nilianza nikiwa na miaka arobaini, mchana napasua mbao, jioni nashika kalamu, na nilimaliza. Mwalimu wetu alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi. Alitufundisha kuandika mikataba. Alipenda kusema, "Watu wanakufa, watu wanahama. Kiwanja hakiendi popote. Sharti lifungeni kwenye kiwanja."

Neno hilo nililishika sana.

Mwaka 1996 nilikata kiwanja changu, nikamuuzia nusu jirani yangu Donatien, fundi wa cherehani. Mkataba niliuandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Nikaweka sharti: upande wake, mita tatu kutoka mpaka wetu, hapatajengwa kitu, si na yeye, si na atakayemfuata.

Nilitaka mwanga dirishani pangu, nisome.

Mke wangu Elisabeth aliniuliza, "Mbona jina yako haiko? Andika ni ya baba Bénédicte."

Nikacheka. "Mama, sheria haijui baba Bénédicte. Inajua namba ya parcelle, namba ya kiwanja."

Nikaandika: faida ya sharti hili ni ya mwenye kiwanja namba 27, yeyote atakayekuwa. Namba 27 ilikuwa nusu iliyobaki kwangu.

Donatien alisaini huku ananitania. "Muzee, weye unauza udongo, unabakisha jua."

Mei 2003 vita viliingia mtaani, kwenye avenue yetu. Watu wa kabila la Donatien na watu wa kabila langu walikuwa wanawindana.

Bénédicte, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka kuchukua sufuria aliyoiacha uani. Risasi ilimkuta ameishika.

Njia ya makaburini haikupitika. Uani kwangu, wenye bunduki walikuwa wanaona kila kitu. Palipojificha ni pale tu katikati ya nyumba mbili, kwenye zile mita tatu, udongo wa Donatien.

Alikuja na jembe bila kuitwa. Tulichimba wawili. Elisabeth alimfunga mtoto kwa kitenge cha bluu chenye picha za ndege. Tulipomaliza, Donatien alisawazisha udongo kwa viganja, pasionekane.

"Hapa hakuna mutu atajenga," akaniambia. "Karatasi yako inakataza."

Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Siku tatu baadaye niliambiwa naye ameuawa.

Tulikimbilia Beni. Lakini kabla ya kuondoka niliuza nyumba. Aliyenunua alikuwa mama Émilienne, mjane aliyekimbia kutoka Djugu na watoto wanne.

Alipita kila chumba. Akasimama dirishani. "Na hapa?"

Nilijua mtu aliyeruka maiti njia nzima hatanunua nyumba yenye maiti chini ya dirisha. Nikamwambia, "Hapa jua linapiga siku nzima. Ni pazuri pa kuanika muhogo. Hakuna atakayejenga, iko kwenye mkataba."

Katika maneno hayo hamna uongo hata mmoja. Ndiyo maana yananiuma.

Januari 2004 nilirudi peke yangu kumsalimu mwanangu.

Nikakuta kamba ya fundi imevutwa na mawe ya msingi yamerundikwa pale pale, udongo hauonekani. Hippolyte, mtoto wa Donatien, alikuwa amerudi kutoka Kisangani, anajenga.

Nilitoa nakala yangu mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwa chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, mzee Sébastien. Hippolyte na mama Émilienne walinifuata. Nilitembea kifua mbele. Karatasi ilikuwa yangu.

Chef alisoma polepole, kidole kwenye mstari.

"Muzee, ni weye uliandika hii?"

"Kila neno."

"Namba 27 iko ya nani sasa?"

"Ya mama Émilienne."

"Basi faida ilibaki na nyumba. Yeye ndiye anaweza kukataza, ao kuachilia. Weye hauna tena neno hapa."

Hippolyte akasema kwa upole, "Papa, mama alisha kuachilia. Alisaini mwezi ya kumi na mbili. Nilimwambia atateka maji mu kisima yetu."

"Ni kweli, nilisaini," mama Émilienne akasema. "Ilikuwa tu mahali ya kuanika. Weye mwenyewe ulinambia."

Ndipo nikasema. Nani amelala pale, na nani alimzika pamoja nami.

Hippolyte na mama Émilienne walitazamana.

"Kitenge ilikuwa ya bleu?" Hippolyte akauliza. "Na ndege?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akachuchumaa, akashika kichwa. "Papa, tulimukuta wakati wa kuchimba msingi. Tulizani ni mutu wa vita, asiye na watu. Walimupeleka kwenye shimo ya wote."

Shimo la wasio na majina. Niliwahi kuliona. Mtu haendi kumtafuta mtu mule.

Mama Émilienne alikuwa analia bila sauti. "Nilitoa mukeka yangu ya muhogo, wakamufunga ndani. Nilisema asiende hivi hivi." Akajifuta kwa kanga. "Ungenambia, muzee. Nisingesaini. Hata kwa maji."

Niliporudi Beni, Elisabeth aliniuliza jambo moja tu: "Ulimusalimia?"

Nikamweleza habari ya shimo, na ya mkeka.

Wewe unayesoma, ukipewa mkataba wa kiwanja usiangalie tu sharti linakataza nini. Uliza linamlinda nani, na siku utakapouza, ulinzi huo utabaki mkononi mwa nani. Mke wangu, ambaye hakusoma hata jioni moja, aliliuliza hilo mapema, nikamcheka.

Na ukiacha kitu chako cha thamani kwa mtu mwingine, mwambie ni nini. Mwanamke aliyempa mwanangu mkeka wake asingekataa kumwachia jua.