Alhamisi za Clem Pascoe

Clem Pascoe alikuwa mkata manyoya ya kondoo tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkataa. Asiyeijua kazi hiyo hudhani kwamba huchosha mikono; la, hula mgongo. Mkataji huinama kutwa, akiwa amembana kondoo kati ya magoti, na wale waliokwisha kuumia hutundika mkanda mpana kwenye boriti ya banda, wakauegemea kwa kifua ili kiuno kisibebe uzito wote. Clem alipostaafu aliuchukua mkanda wake akautundika barazani, na akitaka kufunga kamba za viatu, aliulalia kwanza.

Mkewe, Nerida, alipooza upande mmoja, akapelekwa katika nyumba ya wazee mjini Wirrabin, mwendo wa saa nzima kwa gari. Na huku kwetu kwenye mashamba ya ngano hakuna basi. Nerida alibaki na akili zake zote na ulimi wake wote. Kila Alhamisi Clem alimwendea, akamchana nywele na kuzipunguza, kwa kuwa Nerida hakumruhusu mtu mwingine amguse kichwa.

"Polepole, mzee," humwambia. "Mimi siuzwi kwa kilo."

Siku nyingine za juma Clem hakuwa na wa kuzungumza naye ila redio, na mbwa ambaye alikuwa kiziwi. Njiani kulikuwa na salamu yetu sisi sote: dereva hapungi mkono, huinua tu kidole cha shahada kutoka kwenye usukani, na anayekuja mbele hujibu vivyo hivyo. Sisi hatuyahesabu hayo kuwa ni maongezi. Nadhani Clem aliyahesabu.

Alikuwa akitumia vidonge vikali vya kutuliza maumivu, vya kuandikiwa na daktari. Alipofika daktari mpya, Jayamanne, mtu mpole aliyetoka mbali, alimuuliza maumivu yakoje. Clem akajibu kama ambavyo baba yake angejibu, na kama yeyote kati yetu angejibu hata akiwa amevunjika mguu: kwamba si mabaya sana. Akatakiwa kuyapima kati ya moja na kumi, akasema tatu, asije akaonekana mlalamishi. Daktari aliliamini neno la mgonjwa wake, kama ilivyompasa. Sheria za vidonge vile zilikuwa zimekazwa, na mtu mwenye maumivu ya tatu tu hakustahili dawa ya hatari namna ile. Akampunguzia kidogo kidogo hadi vikaisha. Clem hakupinga. Kupinga kungekuwa kukiri kwamba alikuwa amesema uongo.

Majira yote ya baridi hakupata usingizi wa maana. Mwishowe daktari alimwona kwa macho yake akipanda ngazi za zahanati kwa kuushika ukuta, akatambua kosa lilikuwa wapi, naye akamwombea kibali cha mafuta ya bangi: matone machache chini ya ulimi, kila jioni. Clem, ambaye hakuwahi kuvuta hata sigara, aliificha chupa nyuma ya kopo la chai kana kwamba ameiiba, ingawa ilikuwa imebandikwa jina lake na la daktari. Yalimfaa. Akalala usingizi, na mkanda wa barazani ukaota utando wa buibui.

Lakini daktari alikuwa amemwonya. Sheria ya jimbo letu humruhusu mgonjwa mafuta hayo, na sheria hiyohiyo humnyang'anya leseni dereva ambaye yatapatikana katika mate yake, hata awe na cheti, hata awe timamu kuliko askari anayempima. Vile vidonge vya zamani, vilivyokuwa vikimlevya kwa usingizi, havikutafutwa katika mate ya mtu. Clem akauliza mafuta hukaa mdomoni kwa muda gani. Daktari hakuweza kumwahidi lolote.

Basi akajitungia utaratibu wake. Tangu Jumatatu aliyaacha mafuta, akavumilia, akaendesha siku ya Alhamisi, na aliporudi ndipo akayatumia. Alhamisi moja polisi walisimama njia panda ya ghala la ngano. Askari, binti mdogo tu, alimpa kijiti akilambe, wakangoja pamoja kando ya barabara. Kilitoka safi. Clem, ambaye hajui kudanganya isipokuwa juu ya maumivu, akamweleza habari ya chupa. Binti akamjibu kwa upole kwamba leo amepona. Juma lijalo asitegemee bahati hiyo.

Siku hiyo alipofika kwa Nerida hakuweza kuinama juu ya kiti chake. Aliegemea kabati, kitana mkononi.

"Mgongo vipi?" Nerida akauliza.

"Si mbaya sana."

"Hayo kamwambie daktari. Mimi nimeukanda huo mgongo tangu ulipokuwa na meno yako. Tumia mafuta yako, Clem. Kila siku."

"Nikitumia, nitakujaje?"

"Si umwombe Hedley."

"Hedley ana shughuli zake."

"Basi usije." Akageuza uso ukutani. "Afadhali nikukose kuliko kukuona unaingia hapa umekunjika kama kisu."

Hedley ni mimi, jirani yake. Kesho yake alikuja, akasimama langoni. Tukazungumza juu ya mvua, kisha juu ya kondoo dume wangu, kisha juu ya mvua tena. Akaaga, akatembea hatua chache, akarudi.

"Hedley, mgongo ni mbaya," alisema. "Mbaya sana."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, wala sikujua nitazame wapi. Nikamwambia kwamba mimi huenda mnadani Wirrabin kila baada ya Alhamisi moja, na nafasi ipo. Akasema hiyo yatosha. Ni zaidi ya kutosha.

Kwa hiyo sasa Alhamisi moja ni ya Nerida, na inayofuata ni ya redio. Siku yetu ikifika hunisubiri langoni kabla sijawasha gari, amenyooka, mkasi na kitana ndani ya mfuko wa karatasi. Hasemi mengi njiani. Pikapu ikitokea mbele, mimi huinua kidole juu ya usukani, na kwa pembe ya jicho huona kidole cha Clem nacho kikiinuka, juu ya goti lake. Anayepita hunijibu mimi.