Kikapige au Kikipiga

Siku ya kwanza ya uamuzi nilikabidhiwa dadu mbili, kipande cha uzi na kiti. Nilihesabu miguu ya kiti mara mbili, ilikuwa mitatu. Karakana yetu ya Bombolulu ilichonga mchezo wa vita wa ubaoni, na mimi, mpiga msasa, nikapandishwa kuwa mwamuzi: mtu wa kueleza kanuni wachezaji wanapoanza kukunja mikono ya shati.

Kanuni ni tatu. Mwendo: kila kete ina idadi ya vyumba vya kusogea, kifaru vinne, na chumba cha kichaka huhesabiwa viwili. Kuona: unavuta uzi kutoka katikati ya chumba chako hadi cha adui, ukigusa nyumba, humwoni, hata ukiapa. Kupiga: unayemwona unamrushia dadu, ukipata saba kwenda juu, ametoka. Kijitabu cha kanuni nilikiandika mwenyewe kwenye simu, mbio mbio, na Meneja akachapisha nakala mia.

Fainali ya kwanza tuliichezea Changamwe. Otieno wa Magongo, fundi wa winchi bandarini, dhidi ya Bi Mwanasha wa Magogoni, mwalimu mstaafu. Meneja akaniinamia sikioni: "Bwana, leo mashindano yakivunjika, kesho unarudi kwenye msasa." Vumbi la msasa ule nalijua.

Otieno akasogeza kifaru vyumba viwili, kikatokea kwenye uwazi kati ya nyumba mbili. "Hapa napiga, halafu naendelea viwili, najificha."

"Kifaru humaliza mwendo kwanza, mwanangu," akasema Bi Mwanasha.

"Zii, mama. Kijitabu kinasema, 'Kifaru kisogee kikipiga.' Yaani huku kinatembea, huku kinapiga!"

Nikakisoma. Nikakisoma tena. Nilikusudia "kikapige": kisogee, kisha ndipo kipige. Herufi mbili tu, mara nakala mia. Mashabiki wa Bi Mwanasha waliotoka Kisauni walikwisha kusimama, mmoja anataka kukusanya kete zake waondoke.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilitaka kuandika kikapige."

"Ulitaka! Hata mimi nilitaka kuoa mapema. Imeandikwa nini, mzee?"

Nikaanza kupatana na Otieno. Nikampa apige lakini asijifiche; akakataa. Nikampa apige kwa dadu moja. Akang'amua upesi kuliko nilivyotarajia kwamba dadu moja haifiki saba.

Bi Mwanasha akaomba kijitabu, akavaa miwani. "Wallahi, kilichoandikwa kimeandikwa. Lakini akipiga akipita, nami namwona akipita. Hebu vuta uzi."

Nikauvuta. Haukugusa nyumba.

"Basi nami nampiga akipita. Kaeni, nyinyi!"

Wakaketi. Otieno akautazama uwazi ule. "Mama, kwani ni lazima nipite?"

Ukumbi ukaangua kicheko, akaona haya, akapita. Alirusha akapata sita. Bi Mwanasha akapata nane. Kifaru kikatolewa, na Otieno akampa mkono.

Kanuni ile ya kosa ndiyo wanayoipenda wachezaji zaidi hadi leo. Nami sikurudi kwenye msasa. Niliamua miaka mingi, hadi macho yalipoanza kuona uzi ukigusa nyumba zisizokuwepo, nikastaafu. Vijana mnaoshika kazi hii, msione haya kusema mmekosea, ila semeni kabla kete hazijaingia mfukoni.

Kijitabu cha pili nilimpelekea Bi Mwanasha akisahihishe kabla hakijachapwa. Alikirudisha na alama nyekundu kumi na moja. Nikakaa barazani kwake asubuhi nzima tukipatana, nikaondoka na tisa.