Karafuu ya Uzi Mwekundu

Marehemu Msellem bin Ghanim, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani wa ghala bandarini Matrah, Omani, na jioni kiongozi wa Skauti. Mwaka 1991 yeye na wenzake wachache, waliovaa skafu ya Skauti Unguja utotoni, waliunda udugu wa heshima kwa vijana waliowapita wenzao katika kuwatumikia watu. Alama yao ilikuwa mshipi mweupe wa begani, uliotariziwa karafuu kwa uzi mwekundu. Mshipi huo haukununuliwa. Aliyekwisha kuvikwa alimshonea anayefuata, kisha akamvika kwa mkono wake.

Walichukua pia, kutoka vyama vya mbali, desturi ya kijana kunyamaza kutwa nzima kabla ya kuvikwa. Msellem alikuja kuniuliza mimi, sheikh wake, hukumu yake katika dini. Nikamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kunyamaza tangu mchana hadi usiku kwa nia ya ibada. Hakubishana. Desturi ile aliifuta siku hiyohiyo. Lakini jambo asiloonyeshwa kosa lake, hakuna aliyeweza kumbandua nalo.

Kufikia mwaka 2004 macho yake yalikuwa yamedhoofika, na bado alishona mishipi mitatu kwa mishono ya kofia aliyofunzwa na mama yake. Alitaka kuwavika vijana watatu wa mwaka ule kabla nuru haijamwishia. Siku chache kabla ya sherehe, Hatem, kijana wa kwanza kuvikwa naye, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati, alimzuru nyumbani kwake Mabela. Nami nilikuwepo.

"Maalim, kamati imebadilisha alama. Tumeweka mtende."

"Mtende mzuri. Nani anashona?"

"Kiwanda, maalim. Mishipi imeshafika, imo kwenye mifuko ya nailoni."

Bi Bakhita, mkewe, aliyekuwa akimimina kahawa, akacheka. "Makubwa! Heshima ya kufunguliwa kwa mkasi!"

Hatem akainamia zulia. "Wanasema karafuu si ya hapa. Wanauliza, mzee huyu mpaka lini na Zinjibari yake?"

"Nawe uliwajibu nini, mwanangu?"

"Nilikuwa peke yangu, maalim."

"Nnakuuliza ulijibu nini."

Msellem akaisogeza mbele ya Hatem ile mishipi mitatu. "Haya, wekeni mtende wenu. Lakini kuwavika niachieni mimi."

"Inshallah, maalim."

"Usilitumie jina la Mungu kunikatalia, Hatem."

Usiku wa sherehe aliitwa wa kwanza jukwaani. Hatem akamtaja kuwa mwasisi, akamvika mshipi wa kiwandani, na Msellem, kwa kuwaonea haya wageni, akainamisha kichwa. Kisha akarudishwa kwenye kiti kando yangu. Vijana watatu wakapanda, na Hatem akawavika mwenyewe, harakaharaka, bega la kushoto, ili beji za mkono wa kulia zionekane kwenye picha.

Mkono wa Msellem ukainuka kama wa mwalimu anayetaka kusahihisha, kisha ukarudi gotini.

"Sheikh," akaniuliza kwa sauti ya chini, "si begani kulia? Au nimesahau?"

"Ni kulia."

Mpiga picha alikuwa amesimama mbele yetu, akituomba tuhamishe viti vyetu nyuma kidogo.