Mdakaji Aliyekosa Ukurasa

Klabu yetu ya besiboli ilipoamua kuchapisha kitabu cha historia yake, kazi ya kukipanga nilipewa mimi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la uchapaji, na binti yangu alikuwa akisubiri nafasi kwenye timu ya watoto. Ilikuwa klabu ndogo ya upande wa magharibi wa Stockholm, lakini iliwahi kuleta wachezaji wa kulipwa kutoka ng'ambo, na viongozi wake walijivunia hilo mno.

Wa kwanza kuniletea picha alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Hässelby, Mkongo wa Bukavu. Kwa misimu tisa alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira unaorushwa. Vidole vyake viwili vilivunjika vikapona vimepinda. Aliiweka picha mezani kwangu taratibu. Ilipigwa siku walipotwaa ubingwa: amemkumbatia mrushaji, Mmarekani, glavu yake kubwa ikiwa begani kwa mwenzake.

“Mama, mutaniweka na mimi?”

“Utakosaje, kaka? Historia gani hiyo bila wewe?”

Akacheka. “Basi batoto bangu bataniona.”

Ukurasa wa magwiji ulikuwa na nafasi nane. Kwenye kikao tulikuwa watatu: mwenyekiti, kocha mzee na mimi. Saba walipita bila ubishi. Wa nane, kocha akamtaja mdakaji. Mwenyekiti akakunja uso. Shemeji yake alikuwa amecheza misimu miwili, akasema, na watu bado wanamkumbuka. Huyu mwingine kazi yake ilikuwa kudaka tu. Kisha akanigeukia.

“Wewe ndiye unayemfahamu. Unaonaje?”

Kocha alinitazama akingoja nimuunge mkono. Mimi nilikuwa naitazama orodha ya watoto waliosubiri nafasi kwenye timu, chini ya kiwiko cha mwenyekiti.

“Sidhani kama atajali,” nikasema.

Picha pekee iliyofaa ya mrushaji, aliyekuwa miongoni mwa wale saba, ilikuwa ileile aliyoniletea mdakaji. Kwa uvivu, nikaikata yenyewe kwa wembe, hata sikuipiga nakala kwanza. Upande wa mdakaji nikautupa.

Sikumwambia. Jumapili ya uzinduzi alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa suti, na mkewe na watoto wao wawili. Nilijificha kwenye meza ya kahawa, nikawa nakata keki ambayo tayari ilikuwa imekatwa. Alipekua kitabu mpaka mwisho, akaanza tena mwanzo.

“Baba, uko ukurasa gani?” binti yake akauliza kwa Kiswidi.

Akarudi kwenye ukurasa wa magwiji. Mtoto akainama, akaweka kidole kwenye bega la mrushaji. “Glavu hii si yako?”

Kaka yake akaangua kicheko. “Baba ni glavu tu!” Watu wa meza ya jirani wakageuka, na baadhi yao wakacheka pia.

Akanijia. “Mama, unirudishie picha yangu.”

“Niliikata, kaka.”

“Na upande wangu?”

“Niliutupa.”

Mkewe, ambaye hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu, akasema, “Alikwambia ni kwa ajili ya batoto.” Wakaondoka, kitabu wakakiacha kitini.

Binti yangu alipata nafasi ile. Alicheza msimu mmoja wa kiangazi, akachoka, akahamia kuogelea.

Miaka michache baadaye kocha, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alitaka kitabu kichapishwe upya. Nikajitolea mwenyewe kwenda kwa mdakaji. Alifungua mlango nusu. Nikaomba radhi, nikamweleza, nikamwomba picha nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Ilikuwa moja tu, mama,” akasema, akafunga.

Nikabaki kwenye ngazi. Ndani nikamsikia binti yake akiuliza ni nani, naye akamjibu kwa Kiswidi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni mtu aliyekosea mlango.